Hewa ya Nairobi, Mara Mbili

Mume wangu Kimanzi hupima mionzi. Ofisi yao iko ghorofa ya tatu katikati ya jiji, na hakuna hospitali inayotumia mionzi mipya kutibu saratani kabla yeye hajatia sahihi. Miaka kumi na nane hajakosea. Hata sukari ya chai husawazisha kijiko kwa kisu. Nilikuwa namcheka, mpaka mwaka huu.

Mwezi wa tatu hospitali ililetewa chembe mpya ya mionzi, ndogo kama punje ya mchele, ya kutibu saratani ya mlango wa kizazi. Wanawake kumi na wanne waliisubiri. Mmoja alikuwa wifi yangu Kaluki, dada mkubwa wa Kimanzi, aliyemlea tangu mama yao afariki. Alikuwa kwetu Uthiru, na mimi ndiye niliyemwosha. Daktari alisema asicheleweshwe zaidi ya wiki moja.

Kimanzi aliipima chembe kwa kichombo chenye hewa ndani. Kisha, kuhakikisha kanuni za vitabuni zinasema kweli, akaigiza kila kitu kwenye kompyuta: chembe, kichombo, hewa, mwale mmoja mmoja, mamilioni. Majibu mawili hutakiwa kulingana. Yalipishana karibu sehemu moja ya tano.

"Si utie tu sahihi," nilimwambia. "Waliotengeneza si wameandika nguvu yake?"

"Na kama walikosea? Nimuunguze dada yangu?"

"Basi uliza mtu!"

Wueh! Kimanzi aulize mtu? Heri ung'olewe jino. Siku kumi na tisa alirudia hesabu peke yake, na kila asubuhi Kaluki alimuuliza, "Mashine yako imekubali?"

"Kesho, dada."

Damu ya Kaluki haikukatika. Nilifua mashuka mpaka nikachukia harufu ya sabuni.

Siku ya ishirini mwenzake Jackton alirudi kutoka likizo Siaya. Aliisoma kazi ile kabla hata hajavua koti.

"Mkubwa, hii hewa umeihesabu mara mbili."

Kweli. Nairobi iko juu, hewa yake ni nyepesi, kwa hivyo anayepima hapa huongeza kipimo chake ili kilingane na cha pwani. Kimanzi aliongeza, kwa mazoea. Halafu kwenye kompyuta akaandika tena hewa ile ile nyepesi, badala ya ile ya pwani. Walipoondoa moja, majibu yakalingana. Chembe ilikuwa sawa tangu siku ya kwanza.

Alitia sahihi mchana huo, na wanawake wakaanza kuitwa. Daktari alimkagua Kaluki, akatuita kando. Ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye kibofu, na chembe ile haingemfaa tena.

Kimanzi alipiga magoti kando ya kitanda akamwambia dada yake yote, bila kujitetea. Mimi nilisimama mlangoni nikilia kwa hasira.

Kaluki aliuliza, "Wale wenzangu wameanza kutibiwa?"

"Wameanza, dada."

"Basi nipe uji. Na usinililie kwenye kikombe."

Alikunywa vijiko viwili. Baada ya majuma sita tulimzika kwao Mwala.

Watu huniambia yaliyopita si ndwele. Haya. Dada yake alimsamehe siku ile ile. Mimi nampikia, nakaa naye kanisani benchi moja, lakini kumsamehe bado sijaweza, na yeye anajua.