Jina la Taufiq kwenye Foleni

Mbuke Maganga alikuwa mtu wa kusogeza ndoo. Nianzie hapo, maana hapo ndipo palipomponza.

Geita ya mwaka tisini na nane, maji yalikuwa ya foleni. Unaweka ndoo yako bombani, unakwenda zako sokoni. Foleni ikisogea, aliye nyuma yako anaisogeza na yako. Na ole wako upite ukaiacha ndoo ya jirani pale pale! Utaitwa mchawi mpaka uhame mtaa. Mbuke, mtoto wa wafugaji wa Runzewe, alikuwa na adabu hiyo kwenye damu, akaingia nayo mpaka ofisini.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya kampuni ya kutafuta dhahabu. Usiniulize jina, ilishajifia. Ndani kulikuwa na kompyuta kadhaa zilizounganishwa kwa nyaya, zinavuta pamoja kama ng'ombe wa plau, zikikadiria dhahabu iliyolala chini ya vilima kutokana na sampuli za mawe za wachorongaji, wale watoboa miamba. Hesabu moja iliweza kula siku nzima, kwa hiyo kulikuwa na programu ya kupanga foleni: unatuma kazi yako, inasubiri zamu, zamu ikifika kompyuta zinaifanya. Mwangalizi wa foleni hiyo alikuwa Mbuke. Kozi ya kompyuta aliisomea Mwanza, na kwao ndiye wa kwanza kuajiriwa. Mama yake alitamba kwa hilo kijiji kizima.

Sasa sikia upumbavu wa ile programu. Haikuuliza neno la siri hata siku moja. Kompyuta yoyote kwenye waya ikisema hii kazi ni ya fulani, programu inaitikia tu, ndiyo bwana, na kuifungulia kila kabati la kumbukumbu za huyo fulani. Mbuke alilijua hilo mapema, wala hakushtuka. Kwake ilikuwa ni ndoo bombani. Jina liko kwenye foleni, mwenyewe yuko kwingine, kuna ubaya gani?

Mtunza matokeo ya sampuli alikuwa Taufiq, wa ukoo wa wenye maduka Shinyanga mjini. Baba yake alipofariki, alipewa ruhusa ya kuzika tu na kurudi. Jamani, nani anamzika baba yake na kugeuka siku hiyo hiyo?

"Dada Mbuke," alisema kwenye simu, "mama hajiwezi kabisa. Nisogezee kazi zangu, mzee Stanslaus asijue kama sijarudi."

"Kaa na mama, kaka. Hizo niachie mimi. Pole sana."

Stanslaus, mkuu wa ofisi, alishinda kambini kwa wachorongaji, na watu wake aliwajua wapo kwa kuyaona majina yao kwenye karatasi ya foleni aliyopelekewa kila jioni. Basi kila asubuhi Mbuke akawa anatuma kazi kwa jina la Taufiq, moyo mweupe, kama anayemwangalizia jirani mtoto.

Wiki hiyo hiyo ikaingia kazi nyingine kwa jina la Taufiq. Hii haikuwa ya Mbuke. Ilinakili matokeo ya kilima kizima, kisha ikayafuta. Walipokuja kushtuka, kampuni nyingine imeshapigilia vigingi vya umiliki kilimani. Nani aliituma? Mpaka leo hajulikani. Yeyote mwenye kompyuta kwenye ule waya angeweza.

Taufiq akaitwa, akasimama mbele ya Stanslaus na askari polisi. Alisema kweli, na kweli yenyewe ilikuwa na mashahidi msikiti mzima. "Mimi nilikuwa msibani Shinyanga. Aliyekuwa akitumia jina langu ni dada Mbuke. Nilimwomba mimi."

Macho yote yakamgeukia Mbuke.

"Mzee, zile za kila siku ni zangu, sikatai," alisema. "Lakini hiyo ya kuiba si yangu. Hii programu haimjui mtu! Yeyote anaweza kujiita yeyote. Ngoja nikuonyeshe."

Maskini, alidhani anajiokoa. Akakaa kwenye kompyuta, akatuma kazi kwa jina la Stanslaus mwenyewe. Kitambo kidogo printa ikaanza kulia, ikatema karatasi: kazi hii imetumwa na Stanslaus. Mbuke aligeuka karibu atabasamu.

Askari aliichukua ile karatasi, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. "Kumbe unajua sana," alisema. "Twende."

Mbuke alikaa rumande hadi kesi ilipofutwa kwa kukosa ushahidi. Lakini kufutiwa kesi si kusafishwa jina, na kila ofisi aliyobisha hodi ilishamsikia. Runzewe hakurudi; angemtazamaje mama yake? Akaishia Nkome, mwaloni kwa wavuvi wa ziwani, kuanika dagaa wa watu.

Huko ndiko Taufiq alikomfuata mwaka uliofuata. Alisimama juani, viatu vimejaa mchanga.

"Dada Mbuke, waliotengeneza ile programu wametuletea mpya. Wamesema wenyewe ile ya zamani ilikuwa na tundu. Mtu yeyote aliweza kujiita yeyote. Ulisema kweli."

Mbuke aliwaachia dagaa aliokuwa akiwageuza. Machozi yakamtoka pale pale, mikono imejaa magamba. "Alhamdulillahi kwako na asante Yesu kwangu! Mzee Stanslaus kasemaje?"

Taufiq akakung'uta mchanga viatuni.

"Umemwambia, kaka?"

"Mimi ndiye ninayeiangalia foleni sasa," alisema, anatazama chini. "Nikimwambia, atauliza kwa nini siku ile ulipochukuliwa nilinyamaza, na nilijua programu haimjui mtu. Dada, na mimi nina watoto."

Mbuke alijifuta machozi kwa kiwiko. Akainama, akaendelea kuwageuza dagaa upande wa pili.