Minazi Kumi na Mmoja ya Bi. Mwanamkasi

Mwaka 2006, masika, nilikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa, mke wa mwenyekiti wa kijiji na mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo kikuu. Mambo hayo mawili, mwanangu, hayakukaa kwa amani katika nyumba moja, na habari ninayokuandikia inatokana na siku yalipogongana. Nakuandikia wewe hasa, mtoto wa ndugu yangu, uliyechukua fomu ya udiwani wiki iliyopita ukaja kuniomba dua. Dua nitakupa. Kwanza kaa usome.

Nilisoma nikiwa mtu mzima. Darasa la saba nilimaliza mwaka 1981, nikaolewa 1984, na kidato cha nne nikakifanya mwaka 2000 kama mtahiniwa wa kujitegemea, binti yangu Zaina akiwa kidato cha pili. Matokeo yalipotoka nilivaa kanga mpya nikapita njia ya dukani polepole, ili kila mwenye macho anione. Silioni kuwa kosa hata leo. Baadaye nikajiunga na chuo kikuu kwa masomo ya masafa, na kila Jumamosi ya pili ya mwezi nilitoka kijijini kwetu, kusini ya Tongoni, kufuata vitabu Tanga mjini.

Kozi iliyonikamata ni falsafa ya siasa. Nilidhani nitakuta jambo lililonyooka: wa kale walitaka mtawala awe mwema, wa siku hizi wakataka awe mjanja, nasi tuchague. Nilisoma juu ya Myunani aliyefundisha kwamba dola haikuwekwa ili watu waishi tu, bali waishi vizuri, na juu ya mwanachuoni wa Kiislamu aliyeueleza mji wenye fadhila, ambao kiongozi wake ni kama moyo katika mwili. Nikafurahi. Kisha nikasoma juu ya Mtaliano aliyewaambia watawala kwamba asiyejua kuuweka wema kando panapolazimu atauangusha utawala wake. Nikachukia, lakini sikuacha kusoma. Nilipofika mbele zaidi nikapotea kabisa. Kumbe mwalimu wa yule Myunani, mtu wa kale kuliko wote, aliwaruhusu viongozi kusema uongo kwa manufaa ya mji. Na Mjerumani mmoja, ambaye kwa hesabu yangu ni wa juzi tu, alikataza uongo hata kwa mtu anayemwinda rafiki yako. Wa kale walikuwa upande niliowaweka wapya, na wapya upande wa kale. Nilifunika kitabu nikaenda kukuna nazi.

Wakati huohuo kijiji kilikuwa na msiba. Ijumaa, tarehe 28 Aprili 2006, Rukia, mke wa Rashidi fundi seremala, alishikwa na uchungu, na barabara ilikuwa imekatwa na mvua. Wanaume sita walimbeba kwenye kitanda kuelekea hospitali. Marehemu mume wangu, Mbwana, alikuwa mmoja wao, ameshika mguu wa mbele wa kitanda. Rukia alikata roho kabla hawajaifikia lami, na mtoto naye.

Tangu siku hiyo Mbwana hakuwa na neno jingine ila zahanati. Aliandika, alisafiri, alibisha hodi ofisini kwa watu, hadi wakapatikana wafadhili wa kutoa saruji na mabati, kwa sharti kwamba kiwanja kiwe kimesafishwa kabla ya Juni kwisha. Mahali palipofaa ni pamoja tu, ule mwinuko nyuma ya shule, pasipofikiwa na maji. Ardhi ile ilikuwa ya kijiji. Minazi iliyosimama juu yake haikuwa ya kijiji.

Weye umekulia mjini, kwa hiyo nikueleze. Kwetu pwani ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine. Unaweza kulima muhogo chini ya mnazi usio wako, na mwenye mnazi akaja kuangua nazi zake bila kukuomba njia. Minazi ile kumi na mmoja ilikuwa ya Bi. Mwanamkasi, mjane aliyepita miaka sabini, ambaye tangu mwaka 2003 alikuwa akiishi Mwera kwa bintiye. Baba yake alipanda mnazi mmoja kila alipopata mtoto, na chini ya kila mnazi kilizikwa kitovu cha mtoto huyo. Kumi katika hao walikwisha kufa. Aliyebaki ni yeye.

Jumapili, tarehe 11 Juni, baada ya laasiri, Mbwana alikaa barazani karibu na vitabu vyangu.

"Mama Zaina, tukipeleka mtu Mwera atarudi na jibu la 'ngojeni nifikiri.' Wafadhili hawangoji."

"Basi twende wenyewe tukamwombe."

"Na akikataa?"

Nilianza kupanga upya vitabu vyangu.

"Akikataa, Rashidi nimwambie nini? Kwamba mke wa mwenzake naye afie njiani kwa sababu ya vitovu?"

Hapo ndipo nilipokosa, mwanangu, na nakuomba upaangalie vizuri, maana si Mbwana aliyenipotosha. Yeye alikuwa na huzuni tu. Mimi ndiye niliyekuwa na hoja. Nilimweleza habari za Mtaliano wangu. Nikamwongezea Waingereza wanaopima tendo kwa wingi wa watu litakaowanufaisha. Nilisema vizuri sana. Laiti mwalimu wangu angekuwapo angenipa alama zote.

Mbwana alicheka kwa mara ya kwanza tangu Rukia azikwe. "Huyo Mtaliano ana akili. Basi mwandikie Bi. Mwanamkasi barua yake."

Nikaiandika. Barua ya ridhaa, kana kwamba imeandikwa na mjukuu wake, ikisema bibi ametoa minazi yake kwa ajili ya akina mama wa kijiji. Yeye hakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo pa sahihi palihitaji dole gumba. Nilichovya langu katika wino wa muhuri nikaligandamiza. Jumatano, tarehe 14, barua ilisomwa katika halmashauri ya kijiji na watu wakamwombea bibi heri. Jumamosi, tarehe 17, minazi ilikatwa. Nilihesabu mishindo kumi na mmoja nikiwa jikoni.

Zahanati ilifunguliwa tarehe 2 Julai 2007. Wiki ya kwanza walizaliwa pacha, na mama yao akarudi nyumbani kwa miguu yake. Nilikwenda kuwapakata. Nikajiambia kwamba hoja yangu imetimia, ina pumzi na inalia.

Alhamisi, tarehe 9 Agosti, Bi. Mwanamkasi alikuja kijijini kwa arusi ya mjukuu wake. Alipita kwanza nyuma ya shule. Kisha akaenda kwa afisa mtendaji wa kijiji, Bwana Sefu, akaonyeshwa barua. Hakupiga kelele. Alikuja kwangu, akapiga hodi, nikaitikia karibu na kumwamkia shikamoo.

"Marahaba. Mbwana yupo?"

"Amekwenda shambani, bibi."

"Vyema. Sikuja kwake. Hebu nipe mkono wako, wa kulia."

Nilidhani ananipa mkono wa heri. Aliugeuza juu, akalitazama dole gumba langu kama mtu anayechagua tende. Halafu akaweka lake kando yake. Lilikuwa laini kama kijiwe cha pwani. Miaka hamsini ya kusuka ukili wa mikeka ilikuwa imelila, halikubakiwa na mstari hata mmoja.

"Dole la kwenye karatasi lina mistari kama daftari la shule," alisema. "Nikauliza, mwenye madole ya shule kijiji hiki nani? Nikaambiwa ni wewe."

Mwanangu, nilianza kujitetea. Nilimtajia Rukia. Nilimtajia wale pacha.

"Sikuja kuuliza jengo, mwanangu. Jengo nimeliona, ni zuri. Miye nauliza mkono."

"Bibi, tungekuuliza, si ungekubali?"

Nilitaka aseme ndiyo ili dhambi yangu iwe ndogo. Nilitaka pia aseme hapana ili uongo wangu uwe ulikuwa wa lazima. Tazama jinsi nilivyovurugika: majibu yote mawili yangenifaa.

"Sijui," alisema. "Pengine ningekubali. Pengine ningelia siku mbili kisha nikakubali. Pengine ningewafukuza. Hilo nalo mlilikata pamoja na minazi. Sasa hata mimi siwezi kulijua."

Akaondoka kwenda kupika pilau ya arusi.

Miezi mitatu iliyofuata sikuwa na raha. Nilirudi kwa wale mabwana wa vitabuni mmoja mmoja, kama mtu anayezunguka kwa majirani kuulizia mbuzi aliyepotea. Mjerumani aliniambia nimemtumia mwenzangu kama chombo. Waingereza wakaniambia nihesabu watoto. Mtaliano alinisifu kwa lililofanyika, akanilaumu kwa kugundulika. Mwanachuoni wa mji wenye fadhila aliniuliza kama moyo unaweza kuusemea uongo mwili. Kila mmoja nilimwelewa, na kila mmoja alikuwa na haki kwa kadiri fulani. Mwezi wa Ramadhani ulinikuta hivyo, nikisali nyuma ya Mbwana, mtu mwema aliyefanya neno baya kwa ajili ya neno jema, na sikujua nimwombee maghufira au nishukuru kwa ajili yake.

"Hao Wayunani wako," aliniuliza siku moja, "walikuwa na zahanati?"

Lilikuwa swali la haki.

Sasa nasaha yangu naitanguliza hapa kabla sijamaliza, kwa maana mwisho wa habari hii ni wa mtu mwingine na sipendi kusema baada yake. Usinitake nikuambie kama siasa yaweza kwenda bila uongo. Nimesoma, nimezika mume, nimekaribia miaka sitini, na bado sijui. Nilichokijua ni hiki. Mwenye cheo hukosa hoja mara chache sana. Mwenye kusoma hakosi kabisa. Kwa hiyo siku utakapojikuta unazungumza vizuri mno juu ya haki ya watu wengi, simama, umtafute mtu mmoja ambaye jambo hilo linamkatia mti wake, uende kwake kwa miguu, hata kama njia imejaa maji, ukamuulize. Na ukimuuliza uwe tayari kukataliwa, la sivyo hujauliza. Akikukatalia, rudi uhangaike kutafuta njia nyingine, ugombane naye mchana mbele za watu, hata ushindwe. Utachelewa. Pengine mtu atakufa kwa kuchelewa kwako. Sikufichi hilo, na ndilo linalonitatiza mpaka leo. Lakini usimsemee mtu ndiyo yake. Na ukiwa umekwisha kuisema, kama nilivyoisema mimi, usingoje akushike mkono. Mwenyezi Mungu akujaalie cheo kisichokuzidi kimo, masikio yasiyochoka, na ulimi unaoogopa uzuri wake wenyewe. Amina.

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 17 Novemba 2007, nilimwekea Mbwana chai nikamwambia kwamba katika mkutano wa kijiji wa siku hiyo nitasema habari ya barua.

"Ukisema unanivua kofia mbele ya kijiji kizima."

"Nitakuwa nimejivua mtandio kwanza."

Alikunywa chai yake yote. Kisha akasema, "Basi vaa ile kanga yako ya matokeo," na sikujua kama ananitania au ananiaga.

Mkutano mkuu wa kijiji ulifanyika uwanja wa shule. Bi. Mwanamkasi alikuwa amealikwa rasmi kwa barua ya Bwana Sefu, akaletwa kutoka Mwera, akakaa mkekani na wanawake. Nilisimama nikasema: barua niliandika mimi, dole ni langu, bibi hakuulizwa. Kijana mmoja akapaza sauti nyuma, "Kumbe msomi wetu alisomea dole!" Watu wakacheka. Nilistahili.

Mbwana alisimama, akasema kuwa barua ni ya mkewe lakini amri ilikuwa yake. Akaweka muhuri wa kijiji mezani. "Jengo liko, halirudi kuwa minazi. Mimi naweza kurudi kuwa Mbwana. Amueni."

Rashidi fundi seremala alipendekeza mwenyekiti aendelee. Mzee mwingine akapinga. Kama uongo unasamehewa kwa sababu umezaa vizuri, alisema, kesho tutaletewa mwingine. Walibishana kwa saa nzima, na nakiri kwamba kila aliyesema alinishawishi. Mwishowe Bwana Sefu aliwataka wanaomtaka Mbwana aendelee wanyooshe mikono. Wengi walinyoosha. Alikuwa akihesabu safu ya wanawake pale Mbwana alipomzuia, akainama mbele ya mkeka.

"Bi. Mwanamkasi, nawe wasemaje? Ukikataa, naondoka, hata wakinitaka wote."

Bibi aliutazama mkono wake wa kulia, lile dole lisilo na alama. Akautazama mwinuko nyuma ya shule. Kisha akaunyoosha mkono juu, polepole, mpaka bangili zikateremka kiwikoni.

"Leo nimeulizwa," alisema.

Bwana Sefu aliandika katika muhtasari kwamba minazi kumi na mmoja ilikatwa bila ridhaa ya mwenyewe, na kwamba mwenyekiti anaendelea. Akausoma kwa sauti, ukapitishwa, na mkutano ukafungwa saa saba kasorobo mchana.