Nilivyomfuata Mjomba Likawage

Siku ya kwanza kazini, kwenye maabara ya uchunguzi, nilivaa koti jeupe nililorudi nalo kutoka masomoni ng'ambo, pamoja na stashahada yangu. Ilikuwa miaka ya soko huria. Wenzangu wa kijijini kwetu Kitomanga waliuza mitumba Dar es Salaam, wakinicheka kwamba nimesomea mate ya watu. Mimi, mtoto wa mkulima wa ufuta, nilikuwa miongoni mwa wachache waliojua kusoma vinasaba kwenye mate au mifupa, yaani alama za urithi ambazo kila mtu huzipata kwa wazazi wake.

Kesi ninayojivunia ilitoka kijiji cha Likawage. Warina asali walikuta mifupa ya mtu katika pori la kijiji, na Bi Somoe akasema ni ya mumewe aliyepotea. Majirani walikuwa wakimcheka siku zote: mume kakukimbia, yuko mjini na mke mwingine. Wazazi wa mume walikwishafariki, hivyo polisi walituletea sampuli ya baba yake mdogo. Haikulingana na mifupa.

Mkuu wa Maabara akasema, "Andika hawahusiani, tufunge jalada."

"Siandiki, Mkuu. Mifupa imepigwa jua na mvua. Alama zilizobaki ni zile mtu anazopewa na mama peke yake, na baba mdogo hawezi kuwa nazo. Nipe gari nikamtafute mjomba, aliyezaliwa tumbo moja na mama yake."

"Haya, bwana stashahada. Ukirudi mikono mitupu utaniosha chupa zote humu."

Kule Likawage, baba mdogo alinijia juu. "Nimemlea mimi! Huyo mjomba alimnunulia hata kandambili?"

Mjomba, mzee wa Kimwera, akacheka. "Kulea umelea, bwana. Lakini tumbo alilotoka ni la dada yangu. Chukua hayo mate, mwanangu."

"Ahsante, mzee. Tema ugoro kwanza, usukutue." Nikampitishia kijiti cha pamba ndani ya shavu.

Alama zililingana, na katika ukoo wa mama yake hakuna mwingine aliyepotea. Mkuu alisaini ripoti. Chupa sikuosha.

Sasa nimestaafu. Vyeti vyangu vimetundikwa sebuleni, na mgeni asiyeviulizia namwonyesha mwenyewe. Ninyi vijana wa maabara mna mashine zenye kasi kuliko zangu, lakini kabla ya kuziwasha ulizeni nani kazaliwa na nani. Mimi niliuliza, ndiyo maana nikawa na taarifa ya kupeleka Likawage kwa mkono wangu. Bi Somoe alikuwa akipepeta ufuta. Akaweka ungo chini.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

Akawageukia majirani waliosimama uani. "Mmesikia? Hakunikimbia."

Ndipo akaanza kumlilia mumewe.