Nyayo Chini ya Vanishi

Mama Nailoni hakuwa na mtoto anayeitwa Nailoni, na sijui ni mzazi gani angethubutu kumpa mwanawe jina hilo. Jina alilipata kwa ukaidi. Kazi yake ilikuwa kufufua zege la urembo, yale majani na mawe ya kuigiza ambayo watu huyapiga chapa uani wakiwa na furaha ya nyumba mpya, kisha jua na mvua vikayafubaza mpaka yakawa na rangi ya jivu la jana. Kabla hajapaka tone la vanishi, alikuwa akitandika vipande vya nailoni juu ya zege, akavibandika kingo zote kwa utepe wa gundi, akaviacha mpaka kesho yake. Akibandua akakuta matone upande wa chini, hapaki. Mwenye nyumba agombe, alie, aseme wageni wako njiani, hapaki.

"Sakafu inapumua," alikuwa akiwaambia. "Ukiifunga na pumzi yake ndani, itakuumbua."

Na kuumbua huumbua kweli. Unyevu ukinaswa chini ya vanishi hugeuka ukungu mweupe, doa lisilosikia tambara wala maombi. Dawa yake ni moja, kuchubua kila kitu na kuanza tena. Mama Nailoni alikuwa ameziona aibu hizo kwenye kazi za wengine na kuzicheka waziwazi, maana upole haukuwa miongoni mwa vipaji vyake.

Kazi hii aliingilia mlango wa nyuma. Miaka tisa alipiga deki kwenye majengo ya ofisi, akazijua sakafu kwa magoti kuliko wenye viatu walivyozijua kwa soli. Fundi mmoja mzee alimwona akiling'ang'ania doa la mafuta, akamwambia mkono wake unasikia, akamfundisha rangi na tindikali. Watu wakasema mwanamke na zege wapi na wapi. Walisema mpaka sakafu zake zikamaliza miaka sita bila kupauka, ndipo wakapata mambo mengine ya kusema. Lililomkaa rohoni ni jingine. Mumewe alifia hospitalini saa nne asubuhi, akiita jina lake, na yeye saa hiyo alikuwa amepiga magoti kwenye korido ya ofisi, anasugua. Hilo hakumsimulia mtu.

Mambo ya mizimu hakuyapa nafasi. Kwa uzoefu wake, kila nyumba inayolia ina bomba linalovuja.

Jumatatu moja aliitwa kwenye nyumba yenye ua mpana wa kijivu. Aliyemfungulia geti alikuwa mwanamke wa makamo, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Mtaa mzima ulimwita Mama Mdogo, kwa sababu ndivyo mwana wa mumewe alivyomwita tangu siku aliyoolewa, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mume mwenyewe alikuwa dirishani, mpima ardhi mstaafu. Alikuwa amewawekea watu mipaka nusu ya mji ule, na sasa hakuujua mpaka wa kwake. Kila alasiri alichukua mkoba wake wa ngozi, akaaga kwa adabu, akasema anakwenda nyumbani. Mara tatu amerudishwa na wapita njia. Mara ya mwisho walimkuta ameketi katikati ya barabara kuu, anayauliza magari njia.

"Mficha uchi hazai, dada," Mama Mdogo alimwambia. "Huu ua ulikuwa mwekundu. Marehemu mke wa kwanza ndiye aliyechagua rangi. Nilipoingia mimi, miaka kumi na miwili sasa, nikaupiga kijivu. Sikutaka kuamka kila siku nakanyaga wekundu wake. Basi mzee anasema nyumba yake ina ua mwekundu, na hii si yake. Kijana wake anakuja Jumapili kumchukua. Anasema mimi nimeshindwa. Akihamishwa huyu, hamalizi mwezi."

"Unataka urudi mwekundu kabla ya Jumapili?"

"Aione nyumba yake. Akiijua, atatulia, na kijana atamwacha. Sina jingine."

Mama Nailoni alipiga goti, akamwaga maji kidogo kwenye zege. Yalinywewa papo hapo. Vanishi ilikuwa imekufa zamani. Alisema ataweza, lakini nailoni zitasema neno la mwisho.

Siku mbili alichubua. Alipaka dawa, akasubiri rangi ya kijivu ivimbe, akaikwangua utando kwa utando. Chini yake ukatokea wekundu wa tofali na chapa za majani mapana, umepauka lakini uko hai. Jumatano akaosha kwa mashine ya presha. Ni wakati wa kuosha ndipo alipogundua kwamba pahali pamoja, hatua tatu kutoka mlangoni, rangi haikupauka hata chembe. Pangetosha mtu kusimama. Alidhani palikuwa na mtungi wa maua hapo zamani, akaendelea.

Alhamisi jua lilikuwa kali na zege likakauka kau. Akalinywesha rangi mara mbili kwa brashi, akaupima wekundu wake na wa pale pahali pasipopauka mpaka ukalingana. Akabandika nailoni saba, akaenda zake.

Ijumaa asubuhi alibandua sita. Zilikuwa kavu kama mfupa. Ya saba, ile ya hatua tatu kutoka mlangoni, ilikuwa na maji. Mama Nailoni aliyafahamu matone ya nailoni, yanavyotawanyika kama jasho la paji la uso. Haya hayakutawanyika. Yalikaa mafungu mawili, marefu, sambamba, yenye vidole. Vidole vilielekea getini.

Alichutama akaangalia muda mrefu. Kisha akacheka peke yake, kicheko kikavu, akaenda kumuuliza Mama Mdogo bomba linapita wapi.

"Bomba liko nyuma ya nyumba. Huku mbele halijawahi kuwapo."

Akarudi, akafuta, akabandika nailoni mpya mahali palepale. Alipokuwa akibana utepe, mzee alifungua dirisha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Mwambie basi aingie ndani, jua litampiga."

"Nani, mzee?"

"Huyo aliyesimama nyuma yako."

Mama Nailoni hakugeuka. Alijiambia mzee kachanganyikiwa, na ni kweli alikuwa kachanganyikiwa, lakini yeye mwenyewe shingo ilikuwa imempata baridi mchana wa saa sita, na kivuli kwenye zege mbele yake kilikuwa kirefu kuliko kimo chake. Alimaliza utepe bila kuinua macho. Alipiga moyo konde akatazama nyuma, akaliona geti tu, limefungwa.

Jumamosi alifika mapema kuliko kawaida, na njiani aliomba nailoni iwe kavu. Haikuwa kavu. Zile nyayo zilikuwepo, za ukubwa uleule, ila zilikuwa zimegeuka. Vidole sasa vilielekea mlangoni.

Hapo aliogopa. Tusimsingizie ushujaa, aliogopa, akataka kukusanya brashi zake aende. Lakini ndani ya nyumba alisikia kishindo, akachungulia. Mzee alikuwa ameshika mkoba, anavutana na mlango wa nyuma. Mama Mdogo alikuwa amekaa sakafuni, amemshika mzee mguu kwa mikono miwili kama mtoto anavyomshika mzazi anayesafiri.

"Niache, mama," mzee alikuwa akisema kwa upole. "Kwangu wananisubiri."

Mama Mdogo alimwona fundi dirishani. "Dada, paka. Nakuomba. Kesho ndiyo kesho."

"Pahali pamoja pana maji. Nikipaka, pataharibika."

"Paharibike."

Mama Nailoni alimfikiria mtu aliyeita jina la mkewe saa nne asubuhi bila kuitikiwa. Huruma ikamshinda, na sheria ya miaka ishirini akaiweka mfukoni. Alifuta zile nyayo kwa tambara kavu, akapapepea kwa kipande cha boksi, na kila alipofuta, zege likatoa unyevu tena polepole, bila ukaidi, kama mtu anayeambiwa akae na yeye husimama tu. Akaanzia kwenye kuta, akaja kwa rola huku akirudi nyuma. Vanishi ilipofika pale pahali, rola ikawa nzito kidogo, akasikia ubaridi ukipanda kwenye mpini mpaka kiganjani. Alipitisha haraka. Alipofika getini aliweka rola chini, na tangu hapo hakumdharau tena fundi yeyote ambaye yeye aliwahi kumcheka.

Jumapili asubuhi vanishi ilikuwa imekauka, na ua ulikuwa mwekundu unaong'aa, majani yote ya chapa yameamka. Ulikuwa mzuri kuliko kazi yoyote aliyopata kuifanya. Na hatua tatu kutoka mlangoni, chini ya vanishi, palikuwa na nyayo mbili nyeupe za mwanamke aliye peku, kila kidole mahali pake. Zilielekea ndani.

Mama Nailoni alikuwa bado amesimama hapo Mama Mdogo alipomtoa mzee kwa mlango wa nyuma na kumzungusha nje ili aingilie getini. Mzee alikuwa na mkoba wake. Alifika getini, akasimama. Akautazama ua wote.

"Nimefika," alisema.

Alivua viatu akaviweka pembeni vimelingana. Akatembea juu ya wekundu ule taratibu, akizipita zile nyayo kwa upande, kama unavyompisha mtu mlangoni. Akaketi kwenye kiti cha baraza, akaweka mkoba chini. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi saba kuuweka chini mwenyewe. Mama Mdogo alijifunika uso kwa kanga akalia kwa furaha.

Mzee akamtazama. Macho yake yalikuwa safi kabisa.

"Ahsante, mama, kwa kunisindikiza. Una moyo. Sasa nenda kwenu, wasije wakakutafuta."

Mama Mdogo alibaki na kanga mkononi. Aliingia ndani, na Mama Nailoni akasikia sufuria ikiwekwa jikoni.

Kijana wa mzee alifika kabla ya saa sita, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, gari lake nje likiwa limefunguliwa milango. Alivuka geti akakwama palepale baba yake alipokwama. Aliutazama ua, akateremsha macho mpaka kwenye zile nyayo, na uso ukamwisha damu.

"Nani kachora hizi?"

"Hakuna aliyechora," Mama Nailoni alijibu. "Ni maji yamenaswa. Kosa langu, nimepaka kabla ya wakati."

"Mama alikuwa akisimama hapo. Kila jioni, peku, anatazama geti, hatoki mpaka baba arudi kutoka kazini." Akavionyesha vile vidole vilivyoelekea ndani. "Lakini alikuwa akitazama geti."

"Baba yako amerudi," fundi alisema, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

Mzee alimwita mwanawe kutoka barazani, akamgombeza kwa kuchelewa kutoka shule. Kijana akaenda akaketi miguuni pake. Alimuuliza kama angependa kusafiri. Mzee akacheka, akauliza mtu anasafiri vipi na ndiyo kwanza kafika. Kijana akatoka, akafunga milango ya gari, akarudi.

Ndipo mzee alipogeuza uso kuelekea ndani ya nyumba akaita.

"Mwenzangu!"

Kijana alishtuka. Miaka kumi na miwili mzee alimwita mkewe wa pili Bibie. Mwenzangu lilikuwa jina la marehemu mama yake, na lilizikwa naye. Jikoni hapakusikika hata kijiko. Mama Nailoni alimwona Mama Mdogo kupitia mlango, amesimama, mkono juu ya meza, akipigana na kitu ambacho hakuna wa kumsaidia nacho. Akiitikia, amekubali kuwa mtu mwingine. Asipoitikia, mzee atasimama na kuchukua mkoba.

"Mwenzangu, uko wapi?"

"Abee," alisema Mama Mdogo.

"Abee," ilisikika uani.

Sauti hizo hazikuja pamoja. Ya pili ilichelewa kidogo, ya sauti nzito zaidi, na ilitoka hatua tatu kutoka mlangoni. Mzee alitabasamu, ameridhika, akafumba macho kwenye jua. Kijana alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja.

Mama Mdogo alitoka mpaka kizingitini. Alikuwa amesikia, ilionekana usoni. Aliziangalia zile nyayo nyeupe zilizomwelekea, yeye na zenyewe ana kwa ana.

"Dada," Mama Nailoni alisema kwa shida, "kesho nakuja na dawa. Nachubua pote, naanza upya, sitaki kitu. Hilo doa litatoka."

Mama Mdogo alivua ndala, akashuka peku kwenye wekundu aliouogopa miaka kumi na miwili. Akasimama kando ya zile nyayo, bega kwa bega na pahali patupu.

"Liache, fundi," alisema. "Kumtunza peke yangu kulinishinda."