Watoto wa Mgongoni Hawaingii

Uvumilivu wangu uliniishia mlangoni mwa nyumba ya msonge tuliyoitunza kama makumbusho, karibu na Songwa, Mtunzaji Mkuu alipomwambia mama mmoja wa Maganzo, "Mfungue mtoto, umwache kwa mlinzi, ndipo uingie."

Mama yule alikuwa ametembea tangu alfajiri. Alimtazama mlinzi wetu, babu mwenye meno mawili. "Huyu ndiye atakayemnyonyesha?"

Wanawake aliokuja nao wakaangua kicheko. Mlinzi naye akacheka.

Ninyi mnaoanza kazi hii leo, jueni ilivyokuwa. Niliajiriwa miaka ya sabini, nimetoka kumaliza kidato cha nne, nikawa mwelekezaji, yaani anayepokea wageni, kuwaandikisha na kuwaeleza walichokiona. Nyumba ilikuwa ya wazazi wa Bibi Nyanzobe, yule aliyeuza ng'ombe zake akajenga zahanati na kulea yatima wa kila kijiji. Watu walikuja kuona alikokulia.

Siku ya kwanza, Mtunzaji wa wakati huo, mwalimu mstaafu, hakunipa kitabu. Alinipa kuni. "Washa jiko, binti. Paa lisipopata moshi, mchwa watatangulia kutembelea makumbusho." Ndivyo tulivyohifadhi nyumba: moshi kila asubuhi, na sakafu kusiribwa kwa samadi. Jiwe la kusagia tulilidonoadonoa kwa jiwe jingine kulirudishia makali, maana likilainika halisagi. Wageni wa kike walipiga magoti wakasaga uwele, wakiimba na kutaniana. "Tazama mke wa kaka yangu, anasaga kama anambembeleza paka." Siku nyingine nilirudi nyumbani Ngokolo sauti imenikauka kwa kucheka.

Mzee akaacha kazi kwa uzee, akaletwa huyu Mtunzaji Mkuu wa mlangoni, mwenye shahada. Mchapakazi, sikatai. Lakini jiwe alilipaka vanishi ling'ae. Jiko akalizima. Kisha akatoa amri: watoto wa mgongoni hawaingii, watavunja vyungu. Mwanangu Masunga alikuwa na miezi sita. Nikawa namwacha kwa mlinzi, naeleza wageni huku blauzi imelowa maziwa. Nilinyamaza kwa sababu kazi niliihitaji.

Mpaka siku ile.

"Bwana Mtunzaji," nilisema, "soma ubao ulio nyuma yako."

Uliandikwa: Hapa Nyanzobe alisaga akiwa na mdogo wake mgongoni.

"Hiyo ni historia, Mama Masunga. Hii ni kanuni."

"Basi kanuni yako imemfungia nje mwenye nyumba."

"Kazi unaitaka au huitaki?"

"Naitaka. Na huyu mama anataka kuingia."

Nilikwenda kwa mlinzi, nikamchukua mwanangu, nikamfunga mgongoni. Nikamshika mama wa Maganzo mkono, tukampita bosi, na wale wanawake wote nyuma yetu. Mama yule alipoliona jiwe akapiga magoti, kwa mazoea akalisukuma kama anasaga. Mikono ikateleza, nusura ajigonge paji la uso. Mtoto mgongoni akacheka kwa sauti.

"Mmelipaka mafuta kama bibi harusi," alisema mama. "Linaolewa lini?"

Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Mtunzaji alisimama mlangoni akihesabu vyungu kwa macho. Vilikuwa vizima vyote.

Sasa nimestaafu kazi hiihii, na wengi huniuliza kama sikuogopa. Niliogopa. Ila mtu akikuzoesha kunyamaza ndani ya nyumba ya Nyanzobe, ujue kazi yenyewe imekwisha, unabaki kulinda nyasi na udongo. Mchana wa siku ile niliandika barua hii, nikaipeleka kwa mkono wilayani:

"Ndugu Afisa Utamaduni,

Yah: Malalamiko kuhusu kukatazwa kwa watoto wachanga kuingia.

Nalalamika kwamba akina mama wanaonyonyesha wanazuiwa kuingia katika nyumba aliyokulia mlezi wa yatima. Naomba amri hiyo ifutwe, vanishi ikwanguliwe na jiko liwashwe. Chungu kikivunjika, nitafinyanga kingine. Mama yangu alinifundisha.

Hadi nitakapojibiwa kwa maandishi, kila mama nitamwingiza mimi mwenyewe, na mwanangu nitakuwa naye zamu zote. Ukitaka kunifukuza, njoo ukiwa na mkeo, na mtoto wenu mgongoni. Nitawapokea vizuri.

Mwelekezaji, Mama Masunga.

Nakala: Mtunzaji Mkuu. Nimempa mkononi."