Nyimbo Kumi na Moja za Phulvanti

Basi lilimshusha Vimlesh Chaturvedi Dhanvasar, mji asiowahi kuukanyaga, ingawa alikuwa amekigombania kitabu cha mji huo nusu ya maisha yake. Siku mbili kutoka Banaras hadi huku Rajasthani zilikuwa zimemvunja mgongo, lakini hasira haikuchoka. Mwenye duka alimkaribisha chai. Akapita kama hakusikia.

Alipokuwa na miaka ishirini na tisa, Vimlesh alikuwa msaidizi wa profesa aliyekusanya nyimbo za wacha Mungu wa kale. Mtunza hekalu wa Dhanvasar aliwapelekea kitabu cha kale kilichoandikwa kwa mkono, na njia nzima alikilalia kama mto. Vimlesh ndiye aliyekinakili. Watunzi wa zamani hujitaja katika mstari wa mwisho, na nyimbo kumi na moja zilimtaja Phulvanti, mke wa mfinyanzi.

Profesa aliposoma alicheka. "Mke wa mfinyanzi aimbe haya? Mwandishi wa kale alisinzia." Akafuta jina, akaweka la guru, mwalimu wa dini aliyejenga hekalu. Vimlesh akanyamaza. Kitabu kikachapwa, watoto wakakariri uongo shuleni.

Tangu profesa afe, Vimlesh alikuwa akiwaandikia wachapishaji barua zilizozidi kuwa kali. Hatimaye walimjibu: lete picha ya kurasa zenyewe, tutabadilisha; bila picha, tuache.

Tilokdas, mwana wa yule mtunza hekalu, alimpokea kwa heshima, akimwita kwa cheo cha wasomi. "Karibu, Panditji. Umekuja kubarikiwa na Kitabu?"

"Nimekuja kukipiga picha. Bila picha wachapishaji hawabadilishi kitu."

Tilokdas alinawa mikono, akaleta furushi la kitambaa chekundu, akalifungua taratibu. Ndani, chini ya maua ya manjano, kulikuwa na kitabu cha profesa, kimepakwa rangi nyekundu ya ibada.

"Kile cha mkono kiko wapi?"

"Tulikipumzisha ziwani, chini ya maji. Mchwa walikitoboa, na kitabu chenye jeraha hakiabudiwi, Panditji, kama sanamu iliyovunjika mkono. Mji mzima ulikisindikiza kwa ngoma. Hiki kimesahihishwa na wasomi."

"Kimesahihishwa," Vimlesh alisema, meno yameumana.

"Na jina lako limo ukurasa wa kwanza. Kila mwaka tunalipaka manukato."

Vimlesh alitoa kalamu. "Nirekebishe majina kumi na moja tu."

Tilokdas akamshika mkono. "Wino humu? Bora unichome mimi jicho."

"Mwanamke huyu ameibiwa, na mwizi mnamfukizia ubani."

"Nani hajui? Mama yangu anapokanda unga humtaja Phulvanti, na hatujamkataza. Lakini ya jikoni yabaki jikoni. Nyinyi wenyewe ndio mlioandika, kaka. Sasa mnatufokea sisi?"

Hilo lilimpata penyewe. Angemtukana Tilokdas, angemtukana marehemu, lakini jina lililonukia manukato lilikuwa lake. Akaushika ukurasa wa kwanza, akaurarua hadi kwenye mshono.

Tilokdas alikaa sakafuni, akakivutia kitabu magotini.

"Sasa kina jeraha," Vimlesh alisema. "Fuata desturi yenu. Kipeleke ziwani."

"Umetuua. Tutaabudu nini? Kitambaa kitupu?"

"Ninayo nakala niliyoandika mwenyewe, mstari kwa mstari, kabla hajaigusa mtu. Nitaiandika upya kwa mkono, nikuletee."

"Bila picha wachapishaji wako si watakataa? Nani ataichapa?"

"Kwani kile cha baba yako kilichapwa na nani?"

Tilokdas aliukodolea macho mshono uliochanika. Mwishowe akasema, bila kumtazama, "Kwa wino mweusi. Na usilete penseli zako za kusahihishia."

"Na Phulvanti?"

"Uandike ulichokiona. Sasa toka, kabla watu hawajaja kusali, maana mimi sitakutetea."

Vimlesh aliukunja ukurasa wenye jina lake, akautia mfukoni, akatoka bila kuaga. Alikuwa bado na hasira, nyingi yake akijikasirikia mwenyewe. Alikwenda upesi kuelekea stendi, akihesabu ni miezi mingapi mkono wake wa kizee utahitaji kukinakili kitabu kizima. Nyuma yake Tilokdas alibaki sakafuni, akikifunga kitabu kilichojeruhiwa ndani ya kitambaa chekundu, akimwita mama yake aje waite wapiga ngoma.