Mume wa Dirishani na Jogoo Wetu

Mimi huogopa damu. Ninaandika wazi kwa sababu sasa mtaa wetu mzima wa Kiwanjani unajua, lakini kwa miaka kumi na saba ya ndoa nililificha jambo hilo kuliko mtu anavyoficha ugonjwa. Nikiona damu, hata ya kuku, masikio yanavuma, naanguka, na kinachofuata ni watu kunipepea. Na hapo mimi ni mwanamume wa miraba minne, mtoto wa mkulima wa miraa kutoka milimani, mfanyakazi wa serikali ambaye askari wa getini humpigia saluti kila asubuhi.

Ujanja wangu ulikuwa mmoja tu. Mtaani kwetu Wakristo na Waislamu tunakula pamoja, na nyama isiyochinjwa na Mwislamu, jirani hawezi kuigusa. Basi kila sikukuu nilitangaza kwa sauti, "Tumwite jirani achinje, ili wote tule!" Jirani yetu mmoja, Mborana Mwislamu, alikuja na kisu chake, nami nikapata shughuli ya ghafla ya kutafuta kuni. Mchungaji wetu aliwahi kunisimamisha kanisani kama mfano wa ujirani mwema. Watu walinipigia makofi, nami nikayapokea bila haya.

Likizo ya Agosti iliyopita, binti yetu aliporudi kutoka shule ya bweni, mke wangu alifunga jogoo chini ya tangi la maji na kumwalika mama yake yule jirani. Sote humwita Akko, yaani nyanya kwa Kiborana. Mwanawe alikuwa ameenda Sericho kuangalia ngamia wake, na aliahidi kufika Jumapili hiyo kabla ya adhuhuri, na kisu chake.

Akko akafika, tukawa tunamngoja mwanawe. Nikaweka sinema ya zamani, moja ya zile za rangi nyeusi na nyeupe, ambazo nina flashi nzima. Akko hajui Kiingereza, kwa hiyo mimi hutafsiri. Nilikulia kwenye vibanda vya video, ambako jamaa mmoja alishika maikrofoni akatafsiri sinema yote huku akiongeza chumvi, na tangu hapo sijui kutafsiri bila chumvi.

Sinema ilikuwa ya mume na mke wanaokaa peke yao shambani. Mume ni mwanajeshi mstaafu, masharubu kama ufagio. Mke ni kamwanamke kadogo ka aproni. Nyayo zinasikika katika chumba cha chini ya nyumba, taa inazimika, na mke anamgeukia mume. Mume ananong'ona kwa Kiingereza: nenda wewe, mimi siwezi.

Sijui nini kilinishika. Niliona aibu kwa niaba ya mwanamume yule kana kwamba tumezaliwa tumbo moja. "Anasema," nikatafsiri, "tangulia mke wangu, mimi nitazunguka nyuma nimkatie njia!"

Mke akashuka ngazi na mshumaa. Mume akabaki dirishani, ameng'ang'ania pazia.

"Mbona hajazunguka?" Akko akauliza.

"Anapanga mbinu, Akko."

"Amepanga sana."

"Baba, hajasema hivyo," binti yangu akasema.

"Nyamaza, sinema itakupita." Mke wangu, aliyekuwa akikanda unga wa chapati mlangoni, alinitazama kidogo na kurudi kwenye unga wake.

Hapo simu ya Akko ikalia. Mwanawe alikuwa amekwama njiani, gari limeharibika, angelala hukohuko. Nikasimamisha sinema. Moyo ulinidunda kuliko wakati wa zile nyayo.

"Hakuna shida," nikasema, "nitatafuta mwanaume mwingine aje achinje."

"Mwanaume wa nini?" Akko akasema, akijishika magoti kuinuka. "Dini haijakataza mwanamke kuchinja. Ni sisi tulizoea kuwaachia nyinyi. Leteni kisu. Wewe kijana yangu utanishikia tu hiyo jogoo, miguu na mabawa."

Tukatoka uani. Jogoo alikuwa ananitazama kwa jicho moja. Binti yangu alisimama kando ya tangi, yule mtoto ambaye tangu azaliwe anaamini baba yake haogopi kitu chini ya jua. Nilitaka sana aendelee kuamini.

"Akko," nikasema, nikijishika kiuno, "leo mgongo umenikamata vibaya. Siwezi kuinama."

Akko alinikagua kutoka kichwani hadi viatuni. Kisha akamgeukia binti yangu. Nilikuwa nimesema kwa Kiswahili, lugha ambayo Akko anaielewa vizuri kabisa.

"Msichana yangu," akasema, "hebu nitafsirie. Baba yako amesema nini?"

Mtoto alinitazama. Niliona anatafuta uongo wa kunisaidia, na uongo wenyewe hakuwa ameuzoea. Hilo nilishindwa kulivumilia.

"Amesema anaogopa damu, Akko," nikatafsiri mwenyewe. "Tangu utotoni. Huanguka."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini na unga mikononi. "Mimi nimejua tangu Krismasi ya kwanza," akasema. "Nani hutafuta kuni na jiko letu ni la gesi?" Hata Akko alikuwa amejua, kwa kuwa mwanawe alijua. Binti yangu naye alicheka, akanishika mkono, nikajisikia mwepesi ajabu, kama nimetua gunia.

Mke wangu akamshika jogoo. Akko akasema bismillahi. Mimi nilikuwa ndani nimegeukia ukuta, nasukuma chapati, na zilitoka za duara kuliko za mke wangu.

Tulipokuwa tunakula, Akko akanyoosha mfupa kuelekea televisheni. "Sasa rudisha nyuma kidogo. Uniambie vizuri yule mwanaume alisema nini pale dirishani."

Nikarudisha. "Alisema, nenda wewe, mimi siwezi."

Akko akatafuna polepole, akimtazama yule mzee wa masharubu.

"Mume wangu alikuwa hivyo kwa nyoka," akasema. "Miaka arobaini niliwaua mimi. Mungu amrehemu, alikuwa mtu mzuri sana."